Magofu ya Pujini na Hadithi Yake

Huko Pujini, mashariki ya kisiwa cha Pemba, yako magofu ya ngome ya karne ya 15, nayo huitwa ya Mkama Ndume, kwa jina la mtawala asimuliwaye kuwa ndiye aliyeijenga. Ndani yake kipo kisima kilichogawanywa kwa ukuta. Wazee husimulia kuwa mtawala huyo alikuwa na wake wawili wasiopatana, akampa kila mmoja upande wake wa kuteka maji wasipate kukutana. Chini ya ardhi kiko chumba, na ukutani mwake sura ya siwa, baragumu la enzi, iliyofinyangwa kwa chokaa.

Jengo na hadithi hutegemeana. Kisima kikifukiwa, hadithi itakuwa ngano tu. Hadithi ikisahauliwa, ukuta ule utakosa maana. Basi mizizi ikatwe, wala ising'olewe, maana hutoka na mawe. Nyufa zizibwe kwa chokaa, si kwa saruji, kwani saruji huzuia unyevu na kulidhuru jiwe la matumbawe. Na maneno ya wazee yaandikwe. Siwa ile ikibanduka, hapana fundi awezaye kuirudisha.