Vichezeo Visivyochezewa

Huko Marekani na Uingereza kuna nyumba ambazo ukiingia utaona rafu ndefu ukutani, zimejaa watu wadogo wa plastiki. Huyu amevaa joho jeusi, yule ameshika bunduki, mwingine ana masikio ya popo. Wengi wao wangali katika vifurushi vyao vya dukani. Utadhani ni mali ya watoto wa nyumba hiyo. Kumbe sivyo! Ni mali ya baba mwenyewe, na watoto wamekatazwa kuwagusa.

Mzee wa kwetu akisikia habari hizi atauliza, "Je, ni sanamu za kuabudiwa?" La, hakuna anayezipigia magoti. Ni vichezeo tu, vilivyofanywa kwa mfano wa watu wa sinema na wa hadithi za picha. Lakini swali la mzee lisichekwe. Tutazame kwanza mambo haya yalianzaje, kisha tulirudie.

ASKARI ASIYETAKA KUITWA MWANASESERE

Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa askari wa plastiki aitwaye G.I. Joe. Kimo chake kilikuwa futi moja, na viungo vyake vilikunjika, hata mtoto aliweza kumpigisha magoti au kumsimamisha zamu. Hasbro waliogopa jambo moja tu: wanasesere ni wa wasichana. Baba gani angemnunulia mwanawe wa kiume mwanasesere? Basi wakakataza neno hilo lisitajwe, wakabuni jina jipya ambalo maana yake ni sanamu ya vitendo. Jina likashika mpaka leo. Uingereza askari huyo alianza kuuzwa mwaka 1966, akiitwa Action Man.

Toka mwaka 1972 kampuni ya Mego ya New York ikaleta mashujaa wa magazeti ya picha: Superman, Batman, Spider-Man na wenzao. Walikuwa na kimo cha inchi 8, nao walivikwa nguo za kitambaa.

BAHASHA YA NOELI

Mwezi Mei 1977 ilitoka sinema ya Star Wars, kazi ya bwana George Lucas. Mego walikuwa wamekwisha kukataa kutengeneza vichezeo vyake. Kampuni ya Kenner ya mji wa Cincinnati ndiyo iliyokubali. Watu wakafurika kuitazama sinema hiyo kupita walivyotazamia wote. Lakini plastiki yataka kalibu, na kalibu haichongwi kwa siku mbili. Noeli ikakaribia, na Kenner hawana kitu cha kuuza.

Wafanyeje? Waliuza bahasha kubwa ya karatasi ngumu. Ndani mlikuwa na picha, vibandiko na cheti. Mtoto alikitia cheti posta, kisha akangoja. Mwaka 1978 ndipo alipopokea watu wake wanne: Luke Skywalker, binti mfalme Leia, Chewbacca mwenye manyoya mwili mzima, na mashine ndogo iitwayo R2-D2. Kimo chao kilikuwa karibu inchi 4 tu, ili waweze kuingia katika vyombo vyao vya kurukia angani. Mpaka mwaka 1985 Kenner walikuwa wametoa watu wa namna karibu 100.

Watoto waliwafanya nini? Waliwazika mchangani. Waliwaogesha. Waliwatafuna vichwa, wakapoteza bunduki zao ndogo kama punje za mtama. Nao hawakukosea, maana kichezeo ni cha kuchezea.

BEI ILITOKA WAPI?

Watoto wale wakakua, wakapata mishahara. Wakakumbuka vichezeo vyao, wakaanza kuvitafuta. Wachache waliokuwa wamebaki ndani ya vifurushi wakawa wa thamani kubwa. Mwaka 2003 askari G.I. Joe wa kwanza kabisa, yule wa mfano aliyefanywa kabla ya wengine kutoka kiwandani, aliuzwa dola 200,000.

Hapa tuangalie vizuri. Wale wa ndani ya vifurushi walipanda bei kwa sababu gani? Kwa sababu maelfu ya watoto walikuwa wamewachezea wenzao mpaka wakavunjika. Asiyemfungua wake alipata faida kutokana na furaha ya waliowafungua wao.

Watu wengi hawakulielewa jambo hilo. Toka mwaka 1995 walipotolewa watu wapya wa Star Wars, wakubwa waliambiana, "Nunua, usifungue, siku moja vitakusomeshea watoto." Tarehe 3 Mei 1999 maduka yalifunguliwa usiku wa manane kwa ajili ya vichezeo vya sinema mpya, na watu walikuwa wamepanga mstari nje. Walinunua, wakajaza masanduku, wakangoja. Miaka zaidi ya 20 imepita, na wengi wa watu hao wa plastiki hawana bei ya maana. Kila mtu aliweka, kwa hiyo kila mtu anacho.

Sisi wakulima twaifahamu habari hii. Kijiji kizima kikificha mahindi ghalani kikingoja bei ipande, siku watakapofungua maghala wote pamoja, mahindi yatauzwa kwa bei ya bure.

KICHEZEO CHENYE BEI KUBWA KABISA

Katika mwaka 1979 Kenner waliwaahidi watoto mtu mwingine, jina lake Boba Fett, mwenye kombora dogo mgongoni. Ukibonyeza, kombora laruka. Lakini wakati huo mtoto wa miaka minne huko Marekani alikuwa amekufa. Kichezeo cha kampuni nyingine, chenye kombora la namna hiyo hiyo, kilikuwa kimemrukia kinywani, akakabwa koo. Kenner wakaogopa, nao walifanya vema. Boba Fett aliyefika kwa watoto kombora lake halirushiki. Wale wa majaribio, wenye kombora la kuruka, hawakutoka kamwe kwenda madukani.

Mwaka 2024 mmoja wa hao wa majaribio aliuzwa mnadani dola 525,000. Fedha hizo zingejaza ng'ombe mazizi ya kijiji. Fikirini, wazazi: katika vichezeo hivi, kilichofikia bei kubwa kabisa ni kile ambacho hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukichezea, na sababu yake ni kifo cha mtoto. Mwenye duka hukisifu. Mama wa yule mtoto angekitazamaje?

MAKUMBUSHO KATIKA BANDA LA KUKU

Huko Petaluma, California, palikuwa na shamba la kuku. Bwana Steve Sansweet, aliyekuwa mwandishi wa magazeti, aligeuza banda lake kuwa nyumba ya makumbusho ya Star Wars. Vitu vyake vilikuwa vingi hata vikaandikwa katika kitabu cha Guinness cha mambo yaliyopita yote duniani. Hakuvificha, bali aliwafungulia watu mlango waje kuviona.

Lakini mwaka 2017 alitangaza habari ya huzuni. Vitu vyake zaidi ya 100 vilikuwa vimeibwa, wengi wao watu wa zamani wangali katika vifurushi, thamani yao zaidi ya dola 200,000. Mwizi hakuvunja dirisha usiku. Alikuwa rafiki, mtu aliyekaribishwa nyumbani na kuaminiwa. Bwana wetu alipotuonya juu ya hazina za dunia alitaja nondo, kutu na wezi. Plastiki haina nondo wala kutu, lakini mwizi angalipo, na kitu cha mwisho kuibwa huwa ni urafiki.

TULIRUDIE SWALI LA MZEE

Je, basi, ni dhambi kukusanya vichezeo? Hasha. Mtu aliyelipa karo, aliyelisha nyumba yake na kumkumbuka maskini, akinunua kidogo cha kumkumbushia utoto wake, nani atamlaumu? Wengine wamepata marafiki wema kwa kazi hiyo. Lakini na ajiulize mambo matatu. Je, naweza kumpa mwingine kitu hiki bila kuumia moyo? Je, mtoto wangu akikivunja, nitamhurumia nani kwanza, mtoto au kitu? Je, nimepunguza chakula au karo ili nikipate? Akijibu kwa haya, basi mzee aliuliza vizuri: sanamu imekwisha kupata mahali pa kuabudiwa.

Nawe mzazi wa kijijini, mjomba akimletea mwanao mtu wa plastiki kutoka mjini, tazama kwanza kama ana vipande vidogo vinavyong'oka, na umweke mbali na mtoto mchanga. Kisha mwache mtoto acheze, tena amwazime ndugu yake. Akivunjika, amevunjika.

Wala usione haya kama mwanao hana. Huko Rochester, katika jimbo la New York, kuna makumbusho makubwa ya michezo, na ndani yake vichezeo bora hupewa mahali pa heshima. G.I. Joe aliingizwa humo mwaka 2004, na watu wa Star Wars mwaka 2012. Mwaka 2005 waliingiza sanduku tupu la karatasi. Na mwaka 2008, baada ya wakuu wake kufikiri na kushauriana, waliingiza fimbo: kijiti kikavu kilichookotwa chini ya mti.

Kijiti hicho mwanao anacho tangu asubuhi. Leo ni bunduki, kesho ni farasi, jioni ni fimbo ya kuchungia mbuzi. Hakuna atakayekiiba, wala hakuna atakayekifungia kabatini.