Gramafoni ya Marehemu: Umri Husomwa, Hausimuliwi

Marehemu aachapo nyumba na shamba, warithi huita wazee na mashahidi. Aachapo kijisanduku kilichovikwa ngozi bandia nyeusi, chenye mpini wa kubebea na mkono wa kutilia ufunguo, aghalabu haitwi mtu. Hupita mnunuzi wa vitu vya kale, akataja bei, na mjane akakitoa ili chumba kipate nafasi. Baadaye watoto huuliza: gramafoni ya baba iko wapi? Swali la namna hiyo limetufikia kutoka Voi na Mwatate, nasi twaona lastahili kujibiwa kwa dini na kwa ufundi pamoja.

Kwa upande wa dini, kila alichoacha marehemu, kiwe kikubwa au kidogo, ni mali ya warithi wote baada ya kutolewa gharama za maziko, madeni na wasia. Mjane wa mtu aliyeacha watoto ana thumuni yake. Kilichobaki si chake kukitoa peke yake. Wakiwamo mayatima, jambo huwa zito zaidi, kwani msimamizi hana ruhusa ya kuuza mali yao kwa bei inayowapunja. Na kitu cha kale hakijulikani bei yake mpaka ujulikane umri wake.

Hapo ndipo hadithi za sokoni zinapoingia. Taita Taveta ni nchi yenye historia ya kweli: Agosti 1914 Wajerumani waliitwaa Taveta; mwaka 1915 Waingereza wakaanza kutandaza reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Maktau; na Februari 1916 pakapiganwa katika kilima cha Salaita. Basi muuzaji hupata urahisi wa kusema kwamba gramafoni yake ni ya ofisa wa vita hivyo. Yawezekana, kwa kuwa gramafoni za mkoba za Decca zilianza kuuzwa London mwaka 1914, na askari wa Kiingereza walizichukua hadi katika mahandaki ya Ulaya. Lakini yawezekanayo si ushahidi. Ushahidi umo katika chombo chenyewe, na mama yeyote aweza kuusoma.

Kwanza, tazameni jina na namba. Decca za mwanzo zina bakuli la chuma ndani ya kifuniko, la kurudisha sauti kwa msikilizaji. Zile zenye picha ya mbwa anayesikiliza ni za HMV. Namba 101 ya kampuni hiyo ilitoka mwaka 1925. Mwanzoni mkono wa kutilia ufunguo uliingizwa kwa mbele, kisha ukahamishiwa ubavuni. Namba 102 ilishika nafasi yake mwaka 1931, ikaendelea kuundwa hadi miaka ya 1950. Atakayeambiwa kwamba 102 ilikuwako Salaita na ajue kuwa vita vilikwisha mwaka 1918, miaka 13 kabla chombo hicho hakijazaliwa.

Pili, someni maandishi na vibandiko. Likiwapo jina la EMI, chombo si cha kabla ya 1931, maana ndipo kampuni hiyo ilipoundwa. Kibandiko cha duka kikitaja Kenya Colony, kilichapwa baada ya 1920, kwani kabla ya hapo nchi haikuitwa hivyo.

Tatu, angalieni kisanduku cha sauti, yaani kile kiduara chenye kiwambo na sindano. Aghalabu 101 huwa na namba 4, na 102 huwa na 5A au 5B. Lakini kisanduku hiki huchomolewa kwa mkono, kwa hiyo huenda kimebadilishwa. Kisitegemewe peke yake.

Nne, santuri zilizomo si cheti cha kuzaliwa. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa HMV, na santuri zao zikaenea pwani nzima. Kuikuta moja humo hutujulisha alichopenda mwenye nyumba, hakutujulishi umri wa sanduku. Santuri zihesabiwe mbali, kwa kuwa nazo ni mali.

Wanunuzi nao wajihadhari na gramafoni zenye pembe kubwa ya shaba inayong'aa, zilizounganishwa juzi juzi huko India kwa vipande vya huku na huku, kisha zikapachikwa alama ya mbwa.

Kabla ya kuafikiana bei, tieni ufunguo polepole; ukikaza, msilazimishe. Wekeni kijikaratasi ukingoni mwa santuri na mhesabu mizunguko: ipatikane 39 kwa nusu dakika, ndiyo 78 kwa dakika. Springi ikigonga kwa kishindo, huenda grisi yake imeganda. Sindano ya chuma hubadilishwa kila upande wa santuri. Wala msiweke humo santuri za plastiki za siku za karibuni, sindano itazikwangua.

Ama kuhusu kinachosikilizwa, hukumu hufuata maudhui, na wanazuoni wana maneno yao. Mazungumzo yetu leo ni ya biashara. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, akakuta umande chini yake, akamkemea muuzaji kwa kuficha kilicholowa, na akabainisha kuwa mdanganyifu si katika sisi. Kumwita mtoto wa 1935 mzee wa 1914 ni kuficha umande ule ule. Vivyo hivyo mnunuzi ajuaye thamani ya kitu, akamwambia mjane kwamba ni takataka, amedanganya. Na aliyeuziwa kasoro iliyofichwa ana hiyari ya kurudisha.

Basi, mama zetu, kikipatikana chombo kama hiki katika mirathi, kisitoke nyumbani siku hiyo. Andikeni jina, namba na maneno ya kila kibandiko, pigeni picha, waiteni warithi wote, tafuteni bei kwa watu wawili au watatu wasiojuana. Wakiridhia kuuza, pesa zigawanywe kwa mafungu yake. Wakiridhia kukiweka kwa ukumbusho, ajulikane ni nani anayekihifadhi kwa niaba ya wenziwe.

Wabillahi tawfiq.