Daktari Anapouliza Mashine

 

Juma lililopita mama mmoja aliniuliza, "Sista, nilimwona daktari akiandika kwenye simu, kisha akasoma jibu. Kwani hajui kazi yake?" Mama, anajua. Hata zamani daktari alifungua kitabu mbele yako. Siku hizi wengine huuliza programu ya akili bandia, yaani mashine iliyolishwa maandishi mengi mno hata inajibu maswali kama mtu.

Je, inasaidia? Mwaka wa 2025, Penda Health ya Nairobi na kampuni ya OpenAI walitoa matokeo ya utafiti uliofanywa katika kliniki 15, ambako wagonjwa walihudumiwa mara 39,849. Programu ilikaa ndani ya kompyuta ya mhudumu. Alipoandika, ilionyesha kijani palipokuwa sawa, manjano pa kuangaliwa tena, na nyekundu penye hatari. Uamuzi ulibaki kwa mhudumu. Makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13. Lakini wahudumu hao walifundishwa kuitumia. Kuuliza simu ya mfukoni tu ni jambo jingine.

Ubaya wa mashine ni kwamba hujibu kwa ujasiri hata inapokosea, na haimwoni mtoto wako. Siku moja nilitaka kipimo cha paracetamol, nikaandika kilo 19 badala ya kilo 9. Umri sikuandika. Ikajibu bila wasiwasi: miligramu 285. Mama aliposikia nikitaja kilo akasema, "Sista, huyu hajafika hata kumi." Kipimo chake kilikuwa miligramu 135. Tangu siku hiyo nahesabu mwenyewe kwa kalamu na kulinganisha na mwongozo.

Kwa hivyo uendapo kliniki, beba kijitabu cha mama na mtoto, na mtoto apimwe uzani siku hiyo hiyo. Taja dawa zote ulizompa, za duka na za mitishamba pia. Najua wengine huzificha wasije wakakemewa! Asipoambiwa daktari, mashine nayo haitajua. Waweza kuuliza, "Daktari, umehakikisha kipimo hiki?" Huo si utovu wa adabu. Tena jina la mtoto na nambari yako ya kitambulisho hazihitajiki katika programu kama hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za afya yako.

Nawe je, uulize simu yako nyumbani? Kwa kujifunza, sawa. Lakini mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke, usianze kuandika maswali. Kazi ya simu wakati huo ni kumwita mwenye bodaboda awapeleke hospitali mara moja.