Mashine Inayobeba Barabara Yake

Ukiufuata Mto Kuja kuteremka Nyatike, Kaunti ya Migori, udongo hubadilika chini ya miguu kadiri unavyolikaribia Ziwa Viktoria. Kule juu, upande wa Rongo na Kisii, umeacha udongo mwekundu unaomeng'enyeka mkononi. Hapa ni mfinyanzi mweusi, ule ambao wakulima wa Tanzania huuita udongo wa mbuga. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kutumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Mvua ya masika ikianza mwezi Machi, udongo huohuo hufura, huteleza na kunata kwenye jembe hadi jembe likawa zito maradufu. Upande wa Homa Bay, katika tambarare za Kendu Bay na Bonde la Lambwe, hali ni hiyohiyo.

Kuchimba mtaro katika ardhi ya namna hii ni kazi mbili. Ya kwanza ni kukata udongo. Ya pili ni kusimama juu yake bila kuzama, na hiyo ya pili ndiyo iliyowasumbua wahandisi zaidi. Jino la kukata udongo lilijulikana zamani. Mguu wa kubeba jino hilo ndio uliochelewa.

Jambo hili si la makumbusho kwa watu wa pwani ya ziwa. Mradi wa umwagiliaji wa Kimira-Oluch huko Homa Bay, uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2006 na kutekelezwa kupitia Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Ziwa, ulipangwa kunywesha hekta 1,474 kwa maji ya mito ya Awach Kibuon na Awach Tende. Nyatike nayo ina mradi wa Lower Kuja, unaotegemea mto ambao katika masika ya 2020 na ya 2024 ulivunja kingo zake na kuzihamisha familia kutoka makwao. Mifereji, mitaro ya kutolea maji na matuta ya kuzuia mafuriko: yote yanahitaji ekskaveta, na ekskaveta inayofaa hapa ni ile inayotembea kwa mnyororo. Waendesha mitambo huuita cheni. Mwananchi akiiona mashine yenyewe husema tu katapila.

Tupige hesabu kidogo. Chukua ekskaveta ya tani 21, ukubwa unaoonekana sana kwenye kazi za mifereji. Kila mnyororo unagusa ardhi kwa urefu wa mita 3.65 hivi na upana wa sentimita 60. Minyororo miwili inatoa eneo la karibu mita mraba 4.4. Gawanya uzito kwa eneo hilo, na kila sentimita mraba ya udongo inabeba chini kidogo ya nusu kilo. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja huibonyeza ardhi karibu kiasi hichohicho. Lori lililopakia mchanga, ambalo magurudumu yake yamejazwa upepo sawasawa, hubonyeza zaidi ya mara 14 ya hapo. Ndiyo maana lori hunasa pale ekskaveta inapopita, ingawa ekskaveta ni nzito kuliko lori nyingi.

Waliolitatua jambo hili kwanza walikuwa watu wenye matope yao wenyewe. Kaskazini-magharibi mwa jimbo la Ohio, Marekani, palikuwa na kinamasi kikubwa kilichoitwa Kinamasi Cheusi. Wakulima walikikausha kwa kufukia mabomba ya udongo wa kuchoma ndani ya mitaro iliyochimbwa kwa sepetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, James B. Hill wa mji wa Bowling Green alitengeneza mashine ya mvuke yenye gurudumu kubwa la ndoo: gurudumu linazunguka, ndoo zinapanda na udongo na kuumwaga kando, huku nyuma ukibaki mtaro wenye kina kimoja na mteremko uliopimwa. Iliitwa Buckeye, na kazi yake ya kukata ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Ilichokosa ni mahali pa kukanyaga. Magurudumu ya chuma yalipanuliwa, yakapanuliwa tena, na baadaye kwenye ardhi laini mashine za aina hiyo zikawekewa mikanda mipana inayozunguka.

Upande wa pili wa nchi hiyo, huko Stockton, California, Benjamin Holt alikuwa na tatizo lilelile katika mashamba ya udongo wa mboji kando ya mito. Trekta zake za mvuke zilifikia kuwekewa magurudumu mapana kiasi kwamba mashine ilikuwa pana kuliko nyumba. Tarehe 24 Novemba 1904 aliijaribu trekta aliyoing'oa magurudumu ya nyuma na kuiwekea minyororo iliyofungiwa vipande vya mbao. Haikuzama. Inasimuliwa kwamba mpiga picha mmoja aliyeiona alisema inatambaa kama kiwavi, na Holt akalichukua neno hilo la Kiingereza likawa jina la biashara. Ndilo lililovuka bahari na kuwa katapila kwenye midomo yetu.

Holt hakuwa peke yake. Alvin Lombard wa jimbo la Maine alikuwa amepata hataza ya mashine ya kuvuta magogo juu ya theluji mwaka 1901. Katika mji wa Grantham, Uingereza, David Roberts wa kampuni ya Hornsby alibuni mnyororo wake mwaka 1904 na kuionyesha mashine yake kwa jeshi. Jeshi halikununua kwa wingi, na mwaka 1914 Hornsby wakamuuzia Holt haki za ubunifu huo. Roberts alitangulia katika jambo moja ambalo nadhani halijapewa heshima yake: aliigeuza mashine kwa kupunguza mwendo wa mnyororo wa upande mmoja. Holt bado alikuwa na gurudumu la usukani huko mbele. Kila ekskaveta inayogeuka leo kwenye kingo za Kuja inageuka kwa njia ya Roberts.

Sasa tuingie kwenye kiini cha mtambo, kwa maana hapo ndipo penye elimu. Watu wengi hudhani mnyororo unasukuma ardhi kama mguu wa farasi. Sivyo. Sehemu ya mnyororo iliyolala chini imetulia; haisogei hata kidogo juu ya udongo. Mashine ndiyo inayotembea juu yake kwa rola ndogo, kama behewa juu ya reli. Nyuma kuna gurudumu la meno linalouvuta mnyororo kutoka chini na kuupeleka juu. Mbele kuna gurudumu lisilo na nguvu yoyote, ambalo kazi yake ni kuupokea kutoka juu na kuutandika tena chini. Mashine inabeba barabara yake, inaitandika mbele na kuikunja nyuma.

Kwa nini gurudumu la meno likae nyuma? Mashine ikienda mbele, sehemu inayokazwa ni ile fupi tu iliyo kati ya ardhi na gurudumu hilo; sehemu yote ya juu imelegea. Mashine ikirudi nyuma, mkazo unapita juu yote, unalizunguka gurudumu la mbele, na kila pini inajikunja huku ikiwa imebeba mzigo. Kwa sababu hiyo, mwendo mrefu wa kinyumenyume hula pini na meno upesi. Fundi anayejua kazi yake akiona meno yamechongoka upande mmoja hutambua namna mashine ilivyoendeshwa kabla hajaambiwa chochote.

Kwa mashine ya kuchimba mitaro kulikuwa na ugumu wa ziada. Trekta ya kulima inataka kwenda. Mchimba mtaro anataka karibu asiende, lakini asisimame. Gurudumu la ndoo lazima lizunguke kwa kasi ya kutosha kukata, wakati mashine nzima inasogea labda mita moja kwa dakika. Tuseme injini inazunguka mara 600 kwa dakika, na gurudumu la meno lina mzingo wa mita mbili. Ili kusogea mita moja, gurudumu hilo lizunguke nusu tu. Mwendo wa injini lazima upunguzwe mara 1,200. Jozi moja ya gia ikipunguza mara nne, jozi tano mfululizo zinafika 1,024, na bado hujafika. Nguvu nayo huongezeka kadiri mwendo unavyopungua, hivi kwamba gia ya mwisho, iliyo karibu kabisa na matope, ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote. Wajenzi wa zamani walipitisha nguvu hiyo kwa shafti, gia za wazi na cheni ndefu, na walilazimika kutenga njia mbili, moja ya gurudumu la ndoo na nyingine ya mwendo, ili mwendeshaji aweze kubadilisha moja bila kuigusa ya pili. Udongo ukiwa mgumu anapunguza hatua. Ukiwa laini anaongeza.

Haidroliki ndiyo iliyoufuta msitu huo wa cheni. Leo kila mnyororo una mota yake ya mafuta, na ndani ya gurudumu la meno zimo gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati. Kila kitu kimefungwa ndani ya kasha moja lenye sili. Ni ubunifu mzuri sana, ila umehamisha udhaifu ukauweka mahali pasipoonekana. Cheni ya wazi ikikatika, mtu huiona. Sili ikipasuka na maji ya matope yakaingia kwenye mafuta ya gia, mashine huendelea kufanya kazi kama kawaida, mpaka siku inapokwama ndani ya mfereji.

Mashine kubwa kuliko zote za ukoo wa Hill katika eneo letu iko Sudan Kusini, kwenye njia ya maji yaleyale ya Ziwa Viktoria. Tone linalotoka Kuja likaingia ziwani, kisha Jinja, kisha Nile Nyeupe, hatimaye hufika kwenye vinamasi vya Sudd, ambako karibu nusu ya maji ya mto hupotea. Mwaka 1978 ulianza kuchimbwa Mfereji wa Jonglei ili kuyapitisha maji kando ya vinamasi hivyo. Mfereji ulipangwa kuwa na urefu wa kilomita 360, na ulichimbwa na mtambo wa gurudumu la ndoo uliotengenezwa Ujerumani, wenye uzito wa tani 2,300 hivi, ambao ulikuwa umefanya kazi Pakistan kabla ya kuletwa Afrika. Ulitembea kwa minyororo juu ya mfinyanzi mweusi wa aina ya huu wa Nyatike. Ulifika kama kilomita 240. Mwaka 1984 vita vikausimamisha. John Garang, kiongozi wa jeshi lililousimamisha, alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu mradi huohuo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa mwaka 1981. Mtambo ungali pale, unakula kutu. Minyororo yake iliweza kuzibeba zile tani elfu mbili na ushei. Watu waliokuwa wakiishi kwenye njia yake, na mifugo yao, hawakuulizwa ipasavyo, na hilo halikuwa na gia ya kulipunguza.

Nilipoanza kuyafuatilia mambo haya nilidhani funzo la mashine za zamani ni la injini. Sasa naamini ni la sehemu ya chini. Watengenezaji wenyewe husema hadi nusu ya gharama za kutunza mashine ya mnyororo huishia hapo: pini, vikombe vya pini, rola, meno, mabamba. Udongo mweusi unazidisha gharama hiyo, maana hujipakia kati ya jino na mnyororo, ukakauka, na mnyororo uliokuwa na ulegevu sahihi asubuhi ukawa umekazika kama uzi wa zeze ifikapo jioni. Dawa yake haihitaji shahada: kuusafisha mnyororo kwa sepetu kabla ya kulala, na kupima ulegevu wake ukiwa na tope la kazini, si ukiwa umeoshwa. Na mwendeshaji anapochimba kwenye ukingo wa mtaro, auelekeze mnyororo moja kwa moja kwenye ukingo, gurudumu la meno likiwa nyuma yake. Ndoo inapouma udongo, uzito wote huegemea mbele na ile nusu kilo kwa kila sentimita huongezeka mara kadhaa. Ukingo ukianza kumeguka, njia ya kurudi iwe fupi na iliyonyooka, na gia zisiwe upande wa shimo.

Kaunti zetu, tangu ugatuzi wa 2013, zinanunua na kukodi mashine hizi kwa fedha za umma, na picha inayopigwa siku ya uzinduzi huwa ya ndoo na rangi mpya. Ombi langu ni kwa wawakilishi wa wadi wa Migori na Homa Bay, na kwa vyama vya watumia maji vya Kimira, Oluch na Kuja. Kabla hamjaidhinisha mkataba, inameni. Yatazameni meno ya gurudumu la nyuma kama bado ni butu au yamechongoka. Ulizeni mafuta ya gia za mnyororo yalibadilishwa lini, na muombe kuiona rangi yake. Ulizeni upana wa mabamba, kwa sababu bamba la sentimita 60 na lile la sentimita 80 si mashine moja katika mwezi wa Aprili. Na fungu la vipuri vya chini liandikwe kwenye bajeti ya mwaka huohuo wa ununuzi.