Futi ya Fundi: Jua Unachopimiwa Kabla ya Kulipa

Ekicholong huchongwa kutoka kipande kimoja cha mti, na mchongaji huweza kutumia jicho lake. Kitanda, godoro na mlango ni habari nyingine. Mkazi wa Kerio anayeviagiza Lodwar kwa simu anahitaji kuelewa neno moja lenye sura kadhaa: futi. Mbao ikikatwa fupi hairefuki tena, na nauli ya kurudisha mzigo humwangukia mnunuzi.

Futi ni urefu wa inchi 12, yaani sentimita 30.48. Ni kifaa pia: fundi akisema "nipe futi", anataka rula au tepu. Ndoano iliyo mwanzoni mwa tepu hucheza kidogo, na imetengenezwa hivyo ili unene wake usiharibu kipimo. Mbovu ni ile iliyopinda.

Utata hasa hutokana na nambari zinazotajwa bila kipimo. Kitanda cha "4 kwa 6" ni futi: upana sentimita 122, urefu 183. Mbao ya "4 kwa 2" ni inchi: upana kama sentimita 10, unene 5. Urefu wake ndio huuzwa kwa futi. Ikipigwa randa hupungua milimita kadhaa, na huo si wizi. Godoro lina vituko zaidi, kwani katika "4 kwa 6 kwa 8" nambari mbili za kwanza ni futi, na ya mwisho, unene, ni inchi.

Mlango ndio huleta hasara mara moja. Fremu ya futi 3 kwa 7 ina nafasi ya sentimita 91 kwa 213. Mlango wa dukani wa milimita 900 kwa 2100 utaacha mwanya wa zaidi ya sentimita 3, na huku kwetu mchanga na nge hawahitaji zaidi ya hapo. Mnunuzi apime fremu yenyewe juu, katikati na chini, kisha amtumie fundi sentimita hizo kwa ujumbe wa simu.

Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, inataka vipimo vya biashara vikaguliwe na kupigwa muhuri. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la kusimamia biashara ya haki. Anayeshuku amepunjwa aripoti kwa maafisa wa mizani na vipimo wa kaunti, akiwa na risiti na mbao yenyewe.