Diski Haijafa, Imekosa Reli

Wiki hii napenda tuzungumzie maradhi ya seva, yaani zile kompyuta za ofisi zinazotunza kumbukumbu za watu wengi. Umeme unakatika usiku, asubuhi seva inawashwa, nayo inaandika kwenye kioo kwamba haioni diski hata moja. Nimewasikia mafundi wakitoa hukumu papo hapo: diski zimekufa, tuzifute tuanze upya.

Kabla ya kufuta, hebu tutazame reli zetu. Anayepanda TAZARA Ifakara, akapita Mlimba na kuingia milimani hadi Uchindile, yuko juu ya reli yenye upana wa milimita 1,067. Reli ya Kati, ambayo tawi lake la kutoka Kilosa huishia Kidatu, ina milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini behewa la Kilosa halifiki Uchindile. Behewa ni zima, mzigo ni mzima, na reli zote mbili ni nzima, ila hazilingani. Ndiyo maana mwaka 1998 Kidatu ilipata kituo cha kuhamishia mizigo.

Ndani ya seva, diski ni ghala. Anayepitisha mzigo ni kontrola, kifaa kilichomo kwenye mazabodi au kwenye kadi iliyochomekwa hapo. Draiva ni programu inayoiwezesha Windows au Linux kuelewana na kontrola hiyo. Kontrola ikibadilishiwa namna ya kufanya kazi, draiva ya zamani haiitambui, na diski nzima huonekana kama haipo.

Mara nyingine chanzo ni betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye mazabodi. Hiyo hutunza saa na mipangilio umeme unapokatika. Ikiisha, mipangilio inaweza kurudia ile ya kiwandani: kontrola iliyokuwa RAID, inayounganisha diski kadhaa ziwe kama moja, ikaamka ikiwa AHCI, ambamo kila diski hujitegemea. Dalili yake ni tarehe ya kompyuta kurudi nyuma miaka mingi.

Basi tufuate utaratibu. Kwanza, weka alama kila diski na kila kebo kabla ya kuchomoa. Pili, tazama tarehe na mpangilio wa kontrola, badilisha betri, kisha urudishe mpangilio ulivyokuwa. Tatu, kama juzi uliongeza kadi au draiva mpya, iondoe, maana huenda inagombana na ya zamani. Na mashine ikikuuliza kama iziandae diski upya, jibu hapana mpaka uwe na nakala.

Nalisisitiza hili kwa sababu kuna kumbukumbu zisizonunulika. Tangu mwaka 1996, watafiti wa afya wa Ifakara wameandika vizazi na vifo vya kaya za Kilombero na Ulanga. Kumbukumbu za namna hiyo zikifutwa kwa haraka ya fundi, hakuna awezaye kurudi mwaka huo akabisha hodi tena kwenye nyumba zile. Betri, kwa upande wake, huuzwa dukani.