Mshindani akitangaza, kwa nini hisa zako zinashuka?

Msikilizaji wetu mmoja wa Kurasini alinunua hisa za kiwanda cha saruji ili zije kumsaidia kulipa ada za watoto. Ametuuliza: kampuni yangu haijatangaza lolote, mbona bei ya hisa imeshuka?

Mara nyingi jibu liko kwa mshindani. Mnunuzi wa hisa hutazama faida anayoitarajia kesho kuliko ile ya jana. Habari ya kampuni nyingine ikibadili matarajio hayo, bei husogea hata kama kiwandani kwako kazi inaendelea kama kawaida.

Tuchukue saruji yenyewe. Tanga Cement, wenye saruji ya Simba, waliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) mwaka 2002, na Twiga ya Wazo Hill mwaka 2006. Oktoba 2015, Dangote alizindua kiwanda Mtwara chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka. Hisa zake haziuzwi DSE, lakini habari hiyo iliwahusu wote wawili: saruji ingekuwa nyingi na bei ya mfuko ingeshuka.

Tupige hesabu ya mfano. Mfuko unauzwa shilingi 14,000 na kuutengeneza ni 12,000. Bei ikipungua kwa 1,000 tu, faida ya kiwanda imekatika nusu.

Hata hivyo, hawakuumia sawa. Tanga walikuwa wamejenga tanuri la pili kwa mkopo mkubwa, na katika miaka iliyofuata walipata hasara. Twiga waliendelea kupata faida.

Habari ya mshindani inaweza pia kupandisha bei. Oktoba 2021, Scancem, kampuni iliyo ndani ya kundi moja na Twiga, ilitangaza mpango wa kununua asilimia 68.33 ya Tanga. Mshindani akitaka kukununua, hisa zako huanza kupimwa kwa bei anayoahidi. Lakini ahadi si malipo: Septemba 2022 Baraza la Ushindani lilitengua kibali kilichotolewa na Tume ya Ushindani (FCC), na waliokuwa wakisubiri wakabaki njia panda.

Kwa hiyo, ukisikia habari ya mshindani, jiulize: inamhusu yeye peke yake au biashara nzima? Tanuri lake likiharibika, wateja wake huenda wakaja kwako. Gharama ya umeme ikipanda, mnaumia wote. Kisha tazama madeni ya kampuni yako kwenye taarifa zake za fedha.

Tena, DSE wanunuzi si wengi kila siku. Bei inaweza kutulia kwa muda bila kumaanisha kuwa mambo ni salama, na siku ukitaka kuuza huenda ukasubiri. Ndiyo maana tunamshauri msikilizaji wetu asiuze kwa hofu, azungumze kwanza na dalali wake, na ada ya muhula ujao aiweke pembeni, nje ya hisa.